Sauti Iliyotumbukia Shimoni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona mmeitikia kinyonge hivyo, kama watu wanaoogopa? Paukwa!"

"Pakawa!"

Hapo sawa. Sogezeni miguu moto usiwaunguze, na mwenye mdogo wake ampakate, maana leo nawapeleka mahali palipokuwa kimya. Si kimya cha watu waliolala. Kimya kingine.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakisalimia watu na watu hawashangai, palikuwa na kijiji kilimani kikiitwa Kidongoni. Wanawake wa Kidongoni walikuwa wafinyanzi. Walifinyanga vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na vibakuli vya watoto. Chungu kilipotoka motoni na kupoa, mfinyanzi alikigonga kwa kidole, nacho kikaitika: ngiii! Chungu kinachoitika ni kizima. Kisichoitika kina ufa, hata kama macho hayauoni.

Chini ya kijiji, bondeni, kulikuwa na mashimo ya udongo. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake, alilopewa na mama mkwe wake alipoolewa. Mashimo yalikwenda chini sana, na kuta zake zilikuwa zinateleza kama bamia. Mtu mzima alishuka kwa vidato alivyochimba, vilivyo mbali mbali kama hatua za mtu mzima. Lakini wadogo je? Wadogo hawana hatua kama hizo.

Kwa hiyo wanawake wa Kidongoni walikuwa na desturi yao. Mwanamke akimaliza kuchimba, akajaza kikapu, akafuta mikono, hakuondoka kabla ya kuegemeza tawi ndani ya shimo lake. Tawi lenye panda, lenye magome yake ili makucha yashike. Waliliita tawi la wadogo. Wakati wa kiangazi maji hubaki chini ya mashimo yale, na wadogo hufuata maji: vyura, mijusi, vinyonga, kalunguyeye mwenye miiba na watoto wake. Anayetumbukia akute pa kushika, apande, arudi kwake. Hakuna aliyesifiwa kwa kuweka tawi. Ilikuwa kama kufunga mlango unapotoka.

Sasa, katika kijiji hicho aliishi mwanamke kijana aitwaye Nakiete. Mume wake alikuwa amekwenda ng'ambo ya vilima na mzigo wa vyungu, naye alibaki na mama mkwe wake, Bibi Nambike, na mtoto wake wa kwanza, Mrutu. Mrutu alikuwa bado hajaota meno. Lakini jamani, alikuwa na sauti!

Kila jioni Nakiete alikaa mlangoni, mtoto mapajani, na kutoka kinamasini, karibu na nyumba, chura mmoja mzee alianza: "Kroo!"

Na Mrutu akajibu: "Aa-o!"

"Kroo!"

"Aa-o!"

Bibi Nambike alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi. "Mwanangu," alimwambia Nakiete, "mume wangu hakuwahi kunijibu vizuri hivyo maisha yake yote."

Kikaja kiangazi kirefu. Kuni za karibu zikaisha. Mtu aliondoka na umande kutafuta kuni, akarudi jua liko utosini. Na huko ng'ambo harusi zilikuwa nyingi, kila mtu anataka vyungu. Jirani mmoja, Namsemba, mwanamke hodari mwenye maneno mengi, akatazama shimo lake, akaona tawi limekauka vizuri. Akalivuta, akalitia motoni.

"Tawi moja tu," akasema. "Kesho nitarudisha."

Mwingine akamwona, naye akavuta lake. "Kesho nitarudisha."

Na Nakiete je? Nakiete alikuwa na mtoto mgongoni na miguu iliyochoka. Chungu chake cha mwisho kilihitaji moto kidogo tu. Alilivuta lile tawi polepole, akiona haya kama mtu anayechukua kitu mbele ya mwenyewe. Akasema, "Kesho nitarudisha."

Kesho ikaja na kazi zake. Keshokutwa ikaja na zake. Mashimo yakabaki wazi, matupu, yanangoja.

Wa kwanza kunyamaza walikuwa vyura. Watu wakasema, "Afadhali, tutalala."

Wakafuata nyenje. Watu wakasema, "Ni kiangazi tu."

Wakafuata ndege. Walikuwepo, wakikaa kwenye paa, wakifungua midomo na kuifunga, na hakutoka kitu. Watu hawakusema neno.

Mbu wakaja, wengi kuliko miaka yote, kwa kuwa wa kuwala hawakuwapo. Lakini hata mbu hawakulia. Mtu aliumwa na kitu asichokisikia. Asubuhi jogoo alipanda juu ya kichuguu, akanyoosha shingo, akajikaza mpaka manyoya yakasimama. Zii. Na wanawake walipotoa vyungu motoni na kuvigonga, vyungu havikuitika. Havikuwa na ufa. Walivitazama ndani na nje, wakavimwagia maji, havikuvuja. Lakini ukigonga, ni kama kugonga nyama.

"Ni udongo," alisema Namsemba. "Udongo umechoka." Lakini sauti yake ilikwaruza alipokuwa akisema hivyo, na akashika koo.

Jioni moja Nakiete alikuwa mlangoni, mtoto mapajani. Kinamasi kilikuwa kimya. Mrutu alitazama upande ule, akangoja, akangoja. Kisha akafungua mdomo aite, na sauti haikutoka. Akafungua tena. Uso ukamwiva, machozi yakamtiririka, kidevu kikamtetemeka. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, na ndani ya nyumba ile ungeweza kusikia majivu yakianguka jikoni.

"Mama!" Nakiete aliita. "Mama, njoo umwone mjukuu wako!"

Bibi Nambike alimpa asali kwenye ncha ya kidole. Haikusaidia. Akamkanda kifua kwa mafuta ya moto. Haikusaidia. Akamwimbia wimbo aliomwimbia baba yake Mrutu alipokuwa mchanga, na katikati ya wimbo sauti yake mwenyewe ikakatika kama uzi. Wale wanawake wawili wakatazamana. Bibi Nambike alimfunika mkwe wake mabega, akachukua mtoto ili mwenzake alale kidogo. Lakini nani angelala? Nakiete alikaa macho, mkono juu ya kifua cha mwanawe, akiogopa. Kama sauti imekwenda, ni nini kitafuata? Mtoto asiye na kilio, mama yake atajuaje akiwa na njaa, akiumwa, akidondoka?

Kulipokucha alimfunga mgongoni kwa mbeleko, akaenda bondeni kuchimba udongo, kwa sababu kazi haisubiri huzuni. Ukungu ulikuwa umeshuka. Ulijaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu, akawa haoni hata miguu yake. Akatembea kwa kupapasa. Ndipo akasikia.

"Aa-o!"

Nakiete akasimama. Akageuza shingo. Mrutu alikuwa amelala mgongoni, mdomo umefungwa, pumzi zake zinamgusa shingoni.

"Aa-o!"

Sauti ilitoka mbele yake. Ilitoka chini.

Alitaka kukimbia. Nani asingetaka? Lakini mama akiisikia sauti ya mwanawe, miguu haimwulizi. Akasogea.

Akafika kwenye shimo la kwanza, akachungulia. Chini kabisa mijusi walikuwa wakizunguka, wakizunguka, wakifuata ukuta, kama watu waliosahau wanakokwenda. Mmoja akainua kichwa.

"Mijusi," alisema Nakiete, "mnatukasirikia?"

"Hatuna hasira, mama," wakasema. "Hatuna njia."

Akafika kwenye shimo la pili. Kalunguyeye alikuwa amesimama wima, mikono ukutani, makucha yamelika yote. Watoto wake walikuwa wamelala miguuni pake. Mmoja hakuwa anapumua.

"Kalunguyeye, unatukasirikia?"

"Sina hasira, mama. Sina njia."

Akafika kwenye shimo la tatu, na miguu yake ikajua mahali hapo kabla ya macho. Lilikuwa shimo lake mwenyewe. Chini, kwenye maji kidogo kama ya kunawa mikono, alikaa chura mzee. Koo lake lilikuwa limevimba kama ngumi. Na ndani ya koo, nyuma ya ngozi ile nyembamba, kitu kililia: "Aa-o!"

"Umekula sauti ya mwanangu!" Nakiete alipaza sauti.

Chura alijibu kwa kunong'ona, midomo haifunguki, kama mtu anayeficha kitu kinywani. "Ningekuwa nimeila, ingelia? Inama kwanza, mama, usinipigie kelele kutoka juu. Kelele zenyewe zimebaki chache."

Nakiete akachuchumaa ukingoni.

"Mimi nilikuja kutafuta maji," akasema chura. "Siku zote naja, nanywa, napanda tawi lako, narudi. Safari hii nilinyoosha mkono, tawi halipo. Nikasema, kesho atarudisha."

Nakiete akainamisha kichwa.

"Jioni ikafika, sikuimba. Mwanao akanisubiri. Na sauti yake, kwa kuwa ilizoea kunijibu, ikatoka kunitafuta. Ikaenda kinamasini, hainioni. Ikashuka bondeni, ikaita, ikatumbukia humu. Hakuna aliyeiiba. Iliteleza tu, kama mimi. Huku chini ni baridi, mama. Nimeitia kooni isigande."

Nakiete akafungua mbeleko haraka, akampakata mtoto kwa mkono mmoja, akateremsha ncha ya kitambaa ndani ya shimo. "Shika! Shika, babu, nikuvute!"

Chura hakushika.

"Kunitoa mimi ni rahisi. Lakini nikitoka peke yangu, jioni sauti hii itaita, na nani ataitika? Koo langu limechakaa. Nyenje wako kwenye shimo la jirani yako. Wenzangu wako kwenye mashimo ya kule mwisho. Sauti isipoitikiwa itatoka tena kutafuta. Na safari ya pili, je, itaanguka shimo la nani, na nani ataipokea?"

"Nifanye nini basi?"

"Unajua la kufanya. Ulilijua kabla hujaolewa. Ila fanya upesi. Naweza kuishikilia mpaka jua litue. Baada ya hapo koo langu halitafunga, na kitakachotoka hakitakuwa sauti tena. Kitakuwa pumzi."

Wanangu, mmewahi kumwona mwanamke akipanda kilima na mtoto kifuani, mbeleko inaburutika nyuma yake? Nakiete alipanda hivyo. Alifika kwenye uwanja wa kuchomea vyungu, ambako kuni za kijiji kizima zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya moto mkubwa. Wanawake walizitafuta mbali, wakazibeba kwa vichwa vyao. Zilikuwa bado na magome. Nyingi zilikuwa na panda.

Akaanza kuzipangua.

"Haya! Haya! Njooni mwone!" Namsemba alitoka na mikono kiunoni. "Mama Mrutu anahama na kuni zetu! Unakwenda kujenga ghorofa, shoga?"

"Nazirudisha shimoni."

"Shimoni? Umepatwa na nini wewe? Sisi tumekwenda mpaka miguu ikaota malengelenge, wewe ukawape vyura kuni za kuota moto?"

Wanawake wengine wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa kikavu, kama maganda ya mahindi yakisuguana.

"Sauti ya mwanangu iko kule chini," alisema Nakiete. "Nimeisikia. Jua likitua haipo tena. Nipigeni baadaye mkitaka."

Hapo Bibi Nambike akatoka nyumbani na ngata mkononi. Akaiweka kichwani, akasimama mbele ya mkwe wake, akainama kidogo.

"Nitwike," akasema.

"Mama, mgongo wako."

"Nitwike, mwanangu. Mgongo nitauguza kesho."

Nakiete akamtwika. Yule bibi akaanza kushuka polepole, bila kugeuka nyuma. Mwanamke mwingine akaona haya kumwona bibi yule na mzigo, akachukua wake. Na mwingine. Na mwingine. Hakuna aliyehimizwa.

"Nendeni!" Namsemba aliwapigia kelele. "Nendeni, na moto ukikosa kuni msije mkaniambia mimi Namsemba sik—"

Na sauti ikakatika. Midomo yake iliendelea kwenda. Ulimi ulikwenda, mikono ilikwenda, maneno hayakuwapo. Akajishika koo, macho yakamtoka. Akakimbilia ndani.

Kule bondeni ukungu ulikuwa bado haujainuka. Wanawake walikwenda shimo kwa shimo wakishikana nguo wasipoteane. Walipochungulia na kuona, kila mmoja alisimama kidogo. Kisha akaegemeza tawi.

"Pandeni, wadogo," wakasema kwa sauti zao zilizobaki. "Pandeni, mwende zenu."

Mijusi wakapanda. Kalunguyeye akapanda, akimsukuma mtoto mmoja mmoja kwa pua. Wale waliokuwa wameshakufa, Bibi Nambike alishuka mwenyewe akawatoa kwa viganja, akawafukia chini ya majani, akamfunika kila mmoja vizuri kama anayefunika mtoto.

Jua likateremka. Kwenye ukungu lilionekana jekundu, kama kaa linalozimika. Nakiete alikuwa akigawa matawi, huku na kule, shimo hili na lile, shimo la huyu na la yule. Alipofika kwenye shimo lake, akanyoosha mkono nyuma achukue tawi.

Halikuwepo. Yalikuwa yamekwisha, na kwenye mashimo mengine wadogo walikuwa bado wanapanda.

"Mama!" akaita. Bibi Nambike akaonyesha viganja vitupu.

Chini, chura alikuwa ameinamia upande. Koo lake lilikuwa linatetemeka. "Aa..." ikasikika. "Aa..."

Nakiete akampa Bibi Nambike mtoto, akateremsha mbeleko tena. Lakini chura hakuwa na nguvu ya kushika kitambaa chororo. Vidole vyake viliteleza. Akajaribu mara ya pili, vikateleza. Nakiete akaanza kushuka kwa vidato, gizagiza limeshajaa shimoni, hajui atakanyaga wapi. Hajui kama atamkanyaga chura mwenyewe.

Ndipo wakasikia vishindo. Kutoka kwenye ukungu alitokea mtu mkubwa asiye na sauti, anahema, amebeba kitu begani. Alikuwa Namsemba. Begani alibeba nguzo ya uchanja wake wa vyombo, nguzo ya mti mgumu yenye panda na magome yake. Alikuwa ameing'oa. Vyungu na vibakuli vyake vyote vilikuwa vimelala chini uani. Hakuweza kusema neno. Alimvuta Nakiete juu kwa mkono mmoja, akaiteremsha nguzo shimoni taratibu, taratibu, kama anayemlaza mgonjwa.

Chura akaweka mkono kwenye gome. Ukashika.

Akapanda. Akapumzika. Akapanda. Jua lilibaki kama ukucha. Akapanda. Akafika ukingoni, akakaa kwenye udongo mbele ya Mrutu, wakatazamana uso kwa uso, yule mzee na yule mtoto. Jua likazama. Na chura akafungua mdomo.

Kitu kilitoka, chembamba kama mvuke wa uji. Kikaelea. Mrutu akavuta pumzi, kikaingia.

Zii.

Wanawake walisimama wameshikana. Kisha kutoka mwisho wa bonde, kwenye shimo la mbali kabisa, akaita chura mmoja aliyepanda sasa hivi: "Kroo!"

Mrutu akageuza kichwa. Akafungua mdomo. Na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, ya kizee.

"Kroo!" akasema mtoto.

Bibi Nambike akashika kifua. Nakiete alimtazama chura, chura akamtazama yeye, koo lake sasa limelegea, tupu. Sauti zao mbili zilikuwa zimekaa pamoja muda mrefu kule kwenye baridi, na moja ilipotoka nyingine ilikuwa imeng'ang'ania.

Halafu, nyuma ya ile sauti ya kizee, ikachomoza nyingine: "Aa-o! Aa-o!" Na ikageuka kilio, kilio kile cha njaa, kikali, cha kuwaamsha majirani. Nakiete akaketi pale pale kwenye udongo, akamnyonyesha, akilia. Nyenje wakaanza. Na Namsemba akasema, maneno yake ya kwanza, "Sasa vibakuli vyangu nitavianika wapi?" Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Walipofika nyumbani, Bibi Nambike alikigonga chungu kimoja kwa kidole. Ngiii!

Yule chura hakuimba tena. Nakiete alimwekea kigae cha maji kivulini, karibu na mtungi, na kila alipojaza mtungi alijaza na kigae. Namsemba akaona, akaweka kigae kwake pia, kisha akaacha ukingo wa majani nyuma ya nyumba yake asiuchome, akisema ni kwa sababu ya uvivu. Mrutu akakua. Alipokuwa akiita ng'ombe jioni, mwisho wa sauti yake kulikuwa na mkwaruzo kidogo, na kinamasi chote kiliitika.

Na huko Kidongoni mpaka leo mfinyanzi hasemi kesho nitarudisha. Huegemeza tawi, ndipo ajitwike kikapu. Maana yupo mmoja aliyesahau, si zamani sana. Alipanda kilima na mtoto mgongoni, mtoto amelala, mdomo umefungwa. Na nyuma yake, kutoka bondeni, akasikia mtoto huyo huyo anamwita.

Alirudi mbio.

Nami hadithi yangu naitua hapa, kama mtu atuavyo mtungi uliojaa. Anayetaka kunywa, anywe, na abakize kidogo kwenye kigae.